Kilichoburutwa Barabara ya Morogoro

Haya yalimpata fundi Shomari, mpangaji mwenzetu pale Buguruni, chumba cha tatu ukitokea uani. Mengi aliyasimulia mwenyewe, mchana kweupe, akiwa ameshika kikombe cha chai mpaka chai ikapoa mkononi. Machache aliyoyaficha tuliyapata baadaye kwa mkewe, Sitara.

Shomari ni mtu wa Lindi, fundi wa magari, na gereji yake iko mtaa wa Gerezani, kwenye gereji nyingi. Kazi iliyompa jina ni ya kunyanyua magari. Unampelekea pikapu ya kawaida, anaitoa springi na shokapu zake, anaweka ndefu, anafunga matairi makubwa yanayomfika mtu kiunoni. Likitoka pale, kuingia ndani lazima ukanyage ngazi. Ukikaa kwenye usukani huoni kitu kilicho karibu na bampa, unaona boneti na mbingu. Hata mshale wa spidi unadanganya, ukisoma themanini ujue unakimbia karibu mia. Na matairi yenyewe yana meno makubwa, yakishika lami yanavuma kama mzinga wa nyuki.

Wiki moja kabla ya Krismasi alikuwa anamalizia gari la Benedict, mfanyabiashara wa Rombo anayeuza mapazia kwa jumla Kariakoo. Pikapu nyeusi ya milango minne, imepandishwa inchi sita. Benedict alitaka kwenda nayo nyumbani sikukuu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaniana na mafundi, akija na chapati anawaletea wote. Ila gari lile lilikuwa limemkaa rohoni, siku haipiti hajaja mara mbili kulitazama.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga taa nne juu ya bampa la mbele. Shomari alipozijaribu akaona mabano yake, vile vyuma vya kuzishikilia, marefu mno. Akamwita Kasmir.

Kasmir alikuwa mtu mzima wa Songea, baba wa watoto wawili, kazi yake kutumwa na mafundi wa Gerezani. Kipuri kinatakiwa, anakifuata. Hakikufaa, anakirudisha. Hakuna duka lisilomjua.

"Kasmir, zirudishe hizi Kariakoo. Waambie nataka za mabano mafupi. Risiti hii hapa."

"Nikirudi nipitie na chai, fundi?"

"Rudi na taa kwanza. Chai haikimbii."

Wakacheka. Kasmir akaweka boksi begani akatoka nusu anatembea nusu anakimbia, maana huo ndio ulikuwa mwendo wake siku zote. Shomari akarudi chini ya gari.

Hata bolti moja hakuwa amekaza, akasikia sauti nje.

"Mwizi! Mwizi huyo! Taa za gari langu!"

Aliijua sauti hiyo. Benedict alikuwa anakuja kutoka upande wa Msimbazi, akakutana uso kwa uso na mtu anatoka gerejini mbio, begani kabeba boksi la taa alizozinunua yeye mwenyewe.

Mpaka Shomari anajivuta kutoka chini ya gari na kufuta mikono, watu walikuwa wameshajaa. Walitoka wapi wote wale, mpaka leo hajui. Mtu wa kwanza alipiga kwa mkono. Wa pili alipiga kwa nondo. Wa tatu alipiga kwa spana ya magurudumu, na spana hiyo Shomari aliitambua, ilitoka kwenye boksi lake la vifaa.

Kasmir alikuwa amekaa chini katikati ya barabara. Mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Mdomo umejaa damu. Boksi limepasuka, vioo vya taa vimetapakaa. Akainua kichwa, akatafuta kwenye zile nyuso, akamwona Shomari.

"Fundi," akasema. "Waambie."

Watu wakageuka. Wote wakamtazama Shomari.

Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nimemtuma mimi. Yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini akaziona zile nondo. Akaona wanavyomkagua, kama watu waliompata mwizi mmoja na sasa wanamtafuta mwenzake. Akatazama chini.

"Tairi!" mtu akapiga kelele. "Tairi liko wapi?"

Matairi ya zamani ya gari la Benedict, yale madogo yaliyotolewa, yalikuwa yameegemezwa ukutani, nyuma ya mgongo wa Shomari. Walikuja wawili. Wakasimama mbele yake.

Shomari akasogea pembeni, akawapisha.

Kilichofuata hakuna haja ya kukisema chote. Walimvika tairi likambana mikono kifuani. Petroli haikukosekana, pale ni Gerezani. Kasmir hakupiga mayowe kama watu wanavyodhani. Alikuwa anaita jina moja, "Leti, Leti, Leti," mpaka jina likaacha kuwa jina, likawa mlio. Siku hiyo mama lishe wa mtaa ule walikunja biashara kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyetaka kula nyama.

Polisi walikuja, wakauliza. Hakuna aliyeona.

Ijumaa asubuhi alikuja mwanamke mmoja mwembamba, amejitanda kanga mbili. Alikuwa Leticia, mke wa Kasmir. Hakulia. Alipita fundi mmoja mmoja, akauliza swali lile lile kwa sauti ya chini.

"Kaka yangu, jana mume wangu alitumwa na nani?"

Akafika kwa Shomari.

"Fundi, jana alitumwa na nani?"

"Pole sana, shemeji," Shomari akasema. "Mimi nilikuwa chini ya gari."

Leticia akamtazama muda mrefu. Kisha akaenda pale barabarani, penye doa jeusi. Tairi likiungua haliishi lote, hubaki nyaya zake za ndani. Akazikusanya nyaya zile kwa mikono mitupu, akazifunga kwenye kanga moja, akaondoka nazo.

Jumamosi Benedict akaja kuchukua gari. Macho yamemvimba. Alisema ameamua kutangulia Rombo siku hiyo hiyo, mjini hapakaliki.

"Fundi, twende wote mpaka Chalinze. Springi ni mpya, nataka uzisikilize njiani. Ukishuka pale utapata basi la kurudi."

Shomari alikubali haraka. Naye hakutaka kukaa Gerezani.

Waliondoka saa tatu asubuhi, jua limeshachanganya. Walipita Kimara, wakapita Mbezi. Gari lilikuwa tulivu, refu juu ya mengine yote, watu wa bodaboda wanaligeukia. Benedict hata alitabasamu kidogo. Matairi yakavuma.

Kabla ya Kibaha, ndani ya gari kukaanza kunuka.

"Breki hizo," Benedict akasema.

"Si breki," Shomari akajibu. Harufu ya breki anaijua. Na ile nyingine pia alikuwa anaijua, tangu Alhamisi.

Wakasimama pembeni. Shomari akashuka, akayagusa matairi. La kwanza la moto. La pili la moto. La tatu la moto. La nyuma kushoto akaliwekea kiganja, akakiondoa haraka.

"Linawaka?" Benedict akauliza dirishani.

"La baridi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Bosi, tairi limekimbia kilomita arobaini kwenye lami ya moto. Haliwezi kuwa la baridi."

Lilikuwa la baridi kama mtungi wa maji. Wakatazamana. Hakuna aliyependekeza kurudi Dar.

Walipoondoka tena gari likawa zito. Injini inanguruma, mshale haupandi, kama wamefunga mzigo nyuma. Na mvumo wa matairi ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na mapigo sasa. Shomari alijaribu kutousikiliza. Akajaribu kuhesabu nguzo za umeme. Haikusaidia. Waambie-waambie-waambie-waambie.

Benedict akafungua redio. Akaongeza sauti. Kisha akaizima.

"Unawasikia?" akanong'ona.

"Nani?"

"Hao wanaoita. Mwizi, mwizi, mwizi. Si unawasikia?"

Shomari akamgeukia.

"Bosi," akasema. "Yule jamaa nilimtuma mimi."

Benedict hakugeuka. Aliyapita malori mawili kwanza.

"Najua."

"Unajua?"

"Alinionyesha risiti." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti. "Aliitoa mfukoni akanionyesha. Nilikuwa nimeshapiga kelele, fundi. Watu wameshafika. Ningewaambia nini? Kwamba nimekosea? Wangenigeukia mimi."

Hapo ndipo Shomari alipoanza kuwaona watu wa kando ya barabara.

Mama mmoja muuza mkaa alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili. Wanaume waliokuwa kivulini wakainuka wote kwa mpigo. Mwanamke mwingine akamfunika mwanawe macho. Hawakulitazama gari. Walitazama nyuma ya gari. Na midomo yao ilikuwa wazi.

"Wanaangalia nini?" Benedict akauliza. "Fundi, wanaangalia nini?"

Shomari akatazama kioo cha pembeni. Moshi. Moshi mweusi, mzito, unatokea chini ya gari na kulala juu ya lami. Na ndani ya moshi, mkono. Umeshika bampa la nyuma. Vidole vinne vilikuwa na nyama. Cha tano kilikuwa mfupa.

Alifumba macho.

Bodaboda ya kwanza ikawafikia. Kisha ya pili. Kisha zikawa nyingi. Kijana mmoja akasogea usawa wa mlango wa Benedict, akagonga bodi kwa jiwe.

"Simama! Unamburuta mtu! Simama, muuaji wewe!"

Benedict akakanyaga mafuta. Mshale ukapanda. Sitini. Sabini. Themanini. Gari lilikuwa juu mno kwa mwendo ule, likaanza kuyumba. Shomari alipiga kelele apunguze. Mbele yao lori likawasha taa nyekundu. Benedict akakata usukani. Magurudumu ya upande mmoja yakaondoka ardhini taratibu, kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti. Kisha dunia ikalala ubavu.

Shomari alifumbua macho yuko mchangani, mkono wa kushoto umevunjika. Watu walikuwa wameshawavuta wote wawili nje. Duara lilikuwa limefungwa. Mawe mikononi. Minyororo ya pikipiki. Mwanamume mmoja mwenye shati la kijani akainama mpaka pumzi yake ikampiga Shomari usoni.

"Nani dereva?"

Gari limelala ubavu, viti vitupu. Hakuna ambaye angejua. Benedict alikuwa amepiga magoti hatua tano kutoka pale, damu inamtoka sikioni. Alimtazama Shomari tu.

Shomari akanyoosha kidole.

Walimpiga Benedict kwa muda mfupi sana. Shomari alidhani kitu kama kile kinachukua muda. Jiwe la kwanza lilimvunja taya. Mnyororo ukamchana shingo. Mtu alimrukia kifuani kwa miguu miwili, kukasikika mlio kama mbao kavu inayokanyagwa. Baada ya hapo walikuwa wanapiga kitu kisichojikinga tena. Waliacha waliposikia kelele kutoka nyuma ya gari.

Aliyepiga kelele ni kijana wa bodaboda. Alikuwa ameenda kumtoa yule anayeburutwa.

"Hakuna mtu," alisema. "Jamani. Hakuna mtu huku."

Wakaenda wote kutazama. Hakukuwa na kamba. Hakukuwa na mwili, wala damu, wala kipande cha nguo. Kulikuwa na michirizi miwili tu kwenye lami, myeusi, myembamba, imeachana upana wa visigino vya mtu. Ilikuwa inatoka upande wa Dar na kuja moja kwa moja mpaka nyuma ya gari, na ukiifuata kwa macho huoni ilikoanzia.

Mwenye shati la kijani aliangusha jiwe lake. Kila mtu aliiona michirizi ile, na hakuna aliyetaka kubaki karibu nayo. Polisi walipofika walimkuta Shomari peke yake, amekaa kando ya maiti.

Alitoka hospitali kesho yake, bajaji ikamfikisha Buguruni, mkono una plasta. Asubuhi ya Jumatatu Sitara alikuwa anafagia korido. Akaacha kufagia. Michirizi miwili myeusi ilikuwa imeingia kwa geti la mbele, ikapita koridoni mbele ya milango yetu yote, ikaingia kwao kwa chini ya mlango, ikaishia pembeni ya kitanda. Upande anaolala Shomari.

Tulisugua kwa sabuni. Tulisugua kwa petroli. Mwenye nyumba alileta msasa. Haikutoka.

Siku mbili Shomari hakula. Ya tatu akavaa kanzu, akaenda kwa Leticia, chumba chake hakiko mbali na sokoni. Sitara alimsindikiza. Anasema Shomari alipiga magoti mlangoni kabla ya kukaribishwa.

"Shemeji, nilimtuma mimi. Aliniomba niseme. Sikusema. Na tairi lilitoka kwangu."

Leticia alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua tangu Ijumaa," akasema. "Wenzako wote waliniangalia machoni. Wewe ulinitazama miguu."

"Zile nyaya, shemeji. Ulizifanya nini?"

"Nilizika. Wewe ulidhani nilipeleka wapi? Walinipa kitu kidogo sana, fundi. Jeneza lilikuwa linacheza. Nikaweka na zile nyaya, angalau awe na uzito wa mtu."

Shomari alilia mbele ya watoto wa Kasmir. Siku hiyo hiyo walikwenda wote watatu kituoni, akaandika maelezo yote ya Alhamisi, majina ya waliopiga aliowajua, na kitendo chake mwenyewe cha kuwapisha. Walimweka ndani siku nne, kisha akatoka kwa dhamana huku kesi ikisubiriwa.

Alipofika nyumbani, Sitara alichota ndoo ya maji ya kawaida, bila sabuni, akamwaga koridoni. Michirizi ikatoka yote. Ilitoka kama vumbi. Sakafu ikabaki safi, sisi wapangaji tukasimama milangoni tunaitazama, na mmoja wetu akasema Alhamdulillahi kwa sauti. Usiku huo Shomari alilala mpaka kukucha, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari simu yake ilipoita. Alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo, anakunywa uji. Aliyepiga alikuwa Ritha, mjane wa Benedict, kutoka Rombo. Walikuwa wamemaliza matanga.

"Kaka Shomari, samahani kukusumbua. Kuna kitu hakiniachi. Gari lilipinduka, nyote mlikuwa nje. Wale watu walijuaje kwamba Benedict ndiye dereva?"

Sitara alikuwa anaosha vyombo pembeni yake. Aliona uso wa mumewe ukibadilika.

"Sijui, shemeji," Shomari akasema. "Mimi nilikuwa nimezimia."

"Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu."

"Haya. Asante. Mungu akubariki."

Shomari akaweka simu mfukoni, akamaliza uji wake.

Kesho yake alfajiri Sitara alitugongea milango. Alikuwa hawezi kusema, anaonyesha chini tu. Michirizi ilikuwa imerudi. Imeingia kwa geti lile lile, imepita mbele ya milango ile ile. Lakini safari hii haikuwa ya miguu mitupu. Ilikuwa mipana, imenyooka pembeni, kama inavyoacha soli ya kiatu kizito mtu akivutwa kwa mabega. Na kandokando yake, kila baada ya hatua moja, palikuwa na tone dogo jekundu, bichi.

"Wa nani tena huyu?" Sitara akamnong'oneza mumewe. "Shomari. Wa nani?"

Shomari alitazama chini.

Alimwambia Sitara habari ya kidole alichonyoosha siku ile ile, chumbani, mlango umefungwa. Akamwapisha asimwambie mtu, Ritha hasa. Sitara amevumilia mwezi mzima, ndipo akatuambia sisi. Maji hayaitoi. Mwenye nyumba amemwaga sementi mpya koridoni mara mbili, ikikauka michirizi iko juu yake. Shomari siku hizi halali kitandani, analala amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, uso mlangoni. Kitanda amemwachia mkewe.

Jumapili iliyopita Sitara alifua mashuka akayaanika uani, sote tukayaona. Kwenye shuka la chini, upande ule usiolaliwa na mtu, michirizi miwili ilikuwa imeanzia miguuni na kupanda mpaka usawa wa mto. Tukaingia chumbani kwao, na kwenye mto wa upande huo pamba ilikuwa imebonyea kama palipolala kichwa, bado ina joto.